Riziki ya Kilindini: Vijiumbe Vinaonasa Kaboni Gizani, na Swali la Nani Mwenye Mali



Juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu. Katika darasa letu la jioni tulikuwa tukiwaeleza wanafunzi jinsi riziki inavyopita mikono mingi kabla ya kufika sahanini. Tukasema kwamba mwanzo wa kila chakula ni jua. Ng'ombe hula nyasi, na nyasi hukuzwa na mwangaza. Changu hula visamaki, visamaki hula vidudu vya majini, na vidudu hivyo hula mimea midogo mno ielealeayo juu ya maji, nayo hukuzwa na mwangaza huo huo. Somo lilikuwa likienda vyema hadi binti mmoja wa miaka 12 alipoinua mkono. "Maalim," akasema, "na wale wanaoishi chini kabisa baharini, ambako jua halifiki, wao wanakula nini?"

Tulimjibu upesi, kama ajibuvyo mwalimu ambaye hakulitayarisha somo lake. Tukamwambia kuwa wale nao hula mabaki yanayoanguka kutoka juu. Binti akaketi, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakutosheka. Nasi pia, tulipofika nyumbani, hatukutosheka. Tulikwenda kuuliza na kusoma, tukagundua kuwa jibu letu lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki tunaileta hapa, kwa sababu haimhusu yule binti peke yake. Inaihusu bahari tunayoamkia kila siku, inahusu joto la dunia tunalolalamikia, na inahusu mali ambayo wengine wameanza kuiandikisha kwa majina yao ilhali wengi wetu hatujui kama ipo.

Siku walipoyaona

Mnamo Februari 1977 kundi la wanajiolojia lilikuwa katika Bahari ya Pasifiki, karibu na visiwa vya Galápagos, likitafuta chemchemi za maji ya moto katika mahali ambapo sakafu ya bahari inapasuka na pande zake kuachana. Walikuwa na chombo kidogo cha kuzamia kiitwacho Alvin, kinachoendeshwa na taasisi ya Woods Hole ya Marekani, chenye nafasi ya watu 3 tu. Kwanza waliburura kamera karibu na sakafu usiku kucha. Kipimajoto kilipanda kidogo kwa muda mfupi sana, kisha kikashuka. Picha zilipooshwa, zile chache zilizopigwa katika muda huo zilionyesha makombe mengi yaliyojazana, mahali ambapo pande zote nyingine palikuwa mawe matupu.

Tarehe 17 Februari Jack Corliss na Tjeerd van Andel, pamoja na rubani Jack Donnelly, walishuka hadi kina cha mita 2,500 hivi. Walikuta maji ya uvuguvugu yakibubujika mwambani, na kandokando yake viumbe tele. Msafara mzima haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, kwa maana hakuna aliyetarajia kukuta uhai mahali pale. Hata dawa ya kuhifadhia viumbe haikutosha, ikawabidi baadhi ya walivyovipata wavitie ndani ya vodka iliyokuwamo melini.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, upande wa Mexico katika bahari hiyo hiyo, zilionekana dohani za mawe zikitoa maji meusi kama moshi, yenye joto la zaidi ya nyuzi 350. Msomaji atauliza: maji ya nyuzi 350 hayachemki? Hayachemki, kwa sababu uzito wa bahari iliyo juu yake ni kama mara 250 ya uzito wa hewa tunayoishi ndani yake. Maji ya bahari hupenya nyufani, hushuka hadi karibu na mwamba wa moto, huyeyusha madini na kubeba gesi, kisha hurudi juu kwa kasi. Yakikutana na maji ya kilindini, ambayo ubaridi wake hukaribia ule wa barafu, madini huganda na kujijenga kuwa dohani. Miongoni mwa gesi hizo imo haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kali kwetu.

Mnyoo asiye na kinywa

Kiumbe kilichowashangaza wataalamu kuliko vyote ni mnyoo mkubwa aishiye ndani ya bomba jeupe, akitokeza kishada chekundu kama ua. Jina lake la kitaalamu ni Riftia pachyptila, na huweza kufikia urefu wa mita 2. Walipompasua hawakuona kinywa, wala tumbo, wala utumbo. Basi mnyoo mwenye kimo cha kumzidi mtu, asiye na kinywa, anakula vipi?

Mwaka 1980 mtaalamu wa minyoo, Meredith Jones wa Smithsonian, alikuwa akitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alitaja kwamba ndani ya mwili wa mnyoo huyo mna kiungo laini kilichojaa chembechembe za salfa. Mwanafunzi mmoja, Colleen Cavanaugh, akainuka papo hapo akasema kwamba lazima mna bakteria wanaoishi humo, wanaopata nguvu kwa kuiunguza salfaidi, na kwamba hao ndio wanaomlisha mnyoo. Alipewa sampuli akaichunguze, na mwaka 1981 ushahidi ukachapishwa katika jarida la Science. Alikuwa na haki. Mwaka huo huo Horst Felbeck alionyesha kwamba ndani ya kiungo hicho mna vimeng'enya vile vile ambavyo majani ya mimea huvitumia kuinasa kaboni.

Tuliposoma kisa hiki tulimkumbuka binti wetu wa darasani. Mwanafunzi aliyethubutu kusimama mbele ya mwalimu ndiye aliyefungua mlango. Lau angenyamazishwa siku ile, huenda mlango ungekawia kufunguka.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kishada chekundu cha mnyoo kina damu yenye uwezo wa kubeba oksijeni na salfaidi kwa pamoja, pasi na moja kuidhuru nyingine. Damu huvifikisha vyote viwili kwa bakteria, pamoja na kaboni dayoksaidi. Bakteria huiunguza salfaidi kwa oksijeni, na nguvu ipatikanayo huitumia kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa chakula. Mmea hufanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu ya mwangaza, na wataalamu huiita usanisinuru. Hii ya gizani huitwa usanisikemia.

Fundi mzito aitwaye rubisko

Hapa yafaa tueleze kimeng'enya ni nini, maana ndicho kiini cha habari. Kimeng'enya ni protini ifanyayo kazi ya fundi ndani ya chembe hai. Hushika kitu, hukikata au hukiunganisha na kingine, kisha hukiachia na kushika kingine, bila chenyewe kwisha. Mate yetu yanacho kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ndiyo sababu tonge la mkate likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa tamu. Jaribuni nyumbani pamoja na watoto.

Kimeng'enya kinachonasa kaboni katika majani huitwa rubisko. Njia ambamo hufanya kazi ilifafanuliwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham huko California, na Calvin akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Wali tunaopika, nazi tunayokuna, kunde tunazounga, vyote vimepitia mikononi mwa rubisko. Hakuna protini nyingine itajwayo kuwa nyingi kuliko hiyo duniani.

Walakini rubisko ana kasoro mbili. Kwanza, ni mzito. Kimeng'enya kimoja katika damu yetu, kiitwacho kaboniki anhidrasi, huweza kufanya kazi yake mara 1,000,000 kwa sekunde moja. Rubisko wa mimea hunasa kaboni kama mara 3 tu katika muda huo. Pili, hukosea. Ni kama hamali wa bandarini ambaye ni mwaminifu lakini hatofautishi magunia mawili yanayofanana. Badala ya kubeba kaboni dayoksaidi, mara kwa mara hubeba oksijeni, na mmea hupoteza nguvu kuyarekebisha makosa hayo. Joto likizidi, makosa huzidi. Mahindi na mtama vina hila ya kuilundika kaboni dayoksaidi karibu na rubisko ili asikosee; mpunga, ngano, kunde na mnazi havina. Msomaji anayeiona misimu ya joto ikizidi kuwa mikali ataona mara moja kwa nini jambo hili linawashughulisha watafiti.

Rubisko pia hana sura moja. Yule wa mimea ni wa aina ya kwanza. Bakteria wa yule mnyoo wanaye rubisko wa aina ya pili, mwenye umbo jepesi zaidi. Na mwaka 2007 ilibainika kwamba bakteria hao hawategemei njia hiyo pekee, bali wanayo na njia nyingine kabisa ya kunasa kaboni, isiyomtumia rubisko. Njia hii ya pili iliripotiwa kwanza mwaka 1966 na Evans, Buchanan na Arnon. Ni ule mzunguko ambao miili yetu huutumia kuunguza chakula, ila hapa huzungushwa kinyumenyume ili kukijenga. Hugharimu nguvu kidogo kuliko njia ya Calvin, lakini baadhi ya vimeng'enya vyake huharibiwa na oksijeni. Mwaka 2004 Barbara Campbell na Craig Cary walionyesha kuwa jeni za njia hii zimeenea sana miongoni mwa vijiumbe vya chemchemi za kilindini. Hadi leo wanasayansi wametambua angalau njia 6 za kunasa kaboni katika viumbe mbalimbali, na njia ya majani ni moja tu kati yao.

Vijiumbe visivyokubali kufugwa

Yule bakteria alishaye mnyoo ana jina refu: Candidatus Endoriftia persephone. Neno la kwanza, Candidatus, maana yake ni kama kusema "mtarajiwa". Huwekwa mbele ya jina la kijiumbe ambacho hakuna aliyefaulu kukiotesha peke yake maabarani. Na hayuko peke yake. Kwa makadirio yaliyozoeleka, chini ya asilimia 1 ya vijiumbe vilivyomo katika maji au udongo hukubali kuota katika sahani za maabara.

Sababu si ngumu kufahamika. Kijiumbe kilichozoea mgandamizo wa kilindini, joto la mwamba, gesi za sumu na majirani wanaobadilishana naye chakula, kikitolewa na kuwekwa katika sahani safi yenye mchuzi wa sukari, hufa, au hukaa tu bila kuzaana. Ni kama kumng'oa mtu kwao, mkamnyima ndugu, chakula na lugha yake, kisha mkastaajabu kuwa hasemi.

Kwa miaka mingi basi, elimu ya vijiumbe ilikuwa elimu ya wale wachache wanaofugika. Mlango mwingine ulifunguka wataalamu walipoacha kulazimisha kiumbe kiote, wakaanza kuchukua DNA yote iliyomo katika sampuli ya maji au mwamba, mali ya vijiumbe vyote kwa jumla, na kuisoma. Elimu hii huitwa metajenomiki. Ni mfano wa mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuingia nyumbani, lakini akapewa vitabu vyote vya maktaba ya nyumba ile, kurasa zikiwa zimechanwachanwa na kuchanganyika.

Kusoma herufi, hata hivyo, hakutoshi. Mtu aweza kuona jeni inayofanana na ya rubisko asijue kama kimeng'enya chake kinafanya kazi kweli. Na kibaya zaidi, jeni isiyofanana na chochote kijulikanacho itampita bila kuitambua. Kwa hiyo mwaka 2015 watafiti wawili wa Ujerumani, Stefanie Böhnke na Mirjam Perner, walichapisha mbinu ya kutafuta kwa kazi badala ya kwa sura. Vipande vya DNA vilivyotoka katika mazingira ya chemchemi za kilindini hutiwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, E. koli, ambaye kwa asili yake hana rubisko. Kisha kila mmoja hupimwa: je, sasa anaweza kufanya kazi ya rubisko? Anayeweza amepewa uwezo huo na kipande alichotiwa. Kwa njia hii walipata vimeng'enya vya vijiumbe ambavyo havijawahi kuoteshwa, na wakaona kuwa hata jeni nyingine zilizo jirani, ambazo si za rubisko, zina athari katika utendaji wake. Fundi hafanyi kazi peke yake. Anao wasaidizi ambao hawakujulikana.

Wahenga wetu walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa kijiumbe, tone moja la maji ya chemchemi hizo ni bahari nzima.

Faida iliyo mbali na iliyo karibu

Ni desturi ya magazeti kuahidi makubwa. Sisi tungependa kupima maneno.

Yapo matumaini ya kweli. Mwaka 2020 kundi moja la watafiti lilichapisha matokeo ya kupekua hazina za jeni za vijiumbe, nyingi zikiwa za vile visivyooteshwa. Walitengeneza rubisko 143 za aina ya pili na za jamaa zake wakazipima moja moja. Iliyoongoza kwa kasi ilinasa kaboni mara 22 kwa sekunde, yaani kama mara 6 ya rubisko wa kawaida wa mimea. Haikutoka katika chemchemi za kilindini bali kwa bakteria wa jamii ya Gallionella, wanaojulikana kwa kuishi kwa kutumia chuma. Lakini ilithibitisha kwamba ghala la vijiumbe visivyofugika lina mafundi wepesi kuliko tuliowazoea.

Lakini fundi mwepesi aghalabu hukosea zaidi. Rubisko za aina ya pili zimezoea mahali penye oksijeni haba, na zikiletwa hewani hubeba gunia lisilo lake. Mwaka 2001 huko Australia, Spencer Whitney na John Andrews waliuondolea mtumbaku rubisko wake wakautia ule wa bakteria, wa aina ya pili. Mmea uliishi na kukua, lakini ndani ya chumba kilichoongezwa kaboni dayoksaidi nyingi tu. Mwaka 2014 watafiti wengine waliujaribu mtumbaku kwa rubisko wa bakteria wa majini watumiao mwangaza, na huo pia ukahitaji kaboni dayoksaidi ya ziada. Kwa hiyo mkulima wa mpunga asitarajie mbegu ya kilindini msimu ujao.

Matumizi yaliyo karibu zaidi yako viwandani, ambako gesi ya dohani ni ya moto na imejaa kaboni dayoksaidi. Kimeng'enya cha kawaida humo huharibika kama yai linavyoganda kikaangoni. Vimeng'enya vya viumbe vilivyozoea moto havina udhaifu huo. Kaboniki anhidrasi ya bakteria aitwaye Thermovibrio ammonificans, aliyetolewa katika dohani ya kilindini, imechunguzwa kwa kusudi hilo kwa sababu ya kustahimili joto kwake.

Anayedhani kimeng'enya cha mahali pa moto hakimhusu, na akumbuke vipimo vya Korona. Kipimo cha PCR kiliwezekana kwa sababu ya kimeng'enya cha bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, aliyeelezwa na Thomas Brock na Hudson Freeze mwaka 1969. Walipomtoa majini hawakuwa wakitafuta mali. Mali ilikuja baadaye, na ilikuwa nyingi.

Bahari yetu, na mali ya nani

Hadi hapa msomaji wa Lamu au Vanga aweza kusema haya ni mambo ya Galápagos. La. Bahari ya Hindi nayo inazo chemchemi hizi. Mwaka 2000 Wajapani, kwa chombo chao kisicho na mtu kiitwacho Kaiko, waligundua uwanja wa chemchemi walioupa jina Kairei, kusini-mashariki mwa Mauritius, kwa kina cha karibu mita 2,450. Mwaka uliofuata akaonekana hapo konokono ambaye mguu wake umefunikwa magamba yenye madini ya chuma, jambo lisilojulikana kwa mnyama mwingine yeyote aliye hai. Na yeye pia hulishwa na bakteria waishio ndani ya mwili wake.

Mwaka 2019 konokono huyo aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, akiwa wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini wa kilindini. Sehemu 2 kati ya 3 alizokuwa akijulikana kuishi zilikuwa ndani ya maeneo yaliyokwisha kutolewa leseni za kutafuta madini, kwa sababu zile dohani zina shaba, zinki, na hata dhahabu. Dohani ikivunjwa kwa ajili ya shaba yake, vijiumbe vilivyomo hutoweka pamoja na vimeng'enya ambavyo hakuna aliyepata kuvipima. Ni kuuza kitabu kwa bei ya karatasi.

Na hata pasipo kuvunjwa kitu, liko suala la umiliki. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ulitangaza madini ya sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu. Kuhusu jeni haukusema neno, kwa maana wakati huo hakuna aliyezifikiria. Wenye meli na maabara wakaenda wakachukua. Mwaka 2018 Robert Blasiak na wenzake walihesabu jeni za viumbe vya baharini zilizotajwa katika hataza duniani. Walizikuta 12,998, kutoka spishi 862. Kampuni moja ya kemikali ya Ujerumani ilikuwa imeandikisha asilimia 47 ya hizo. Asilimia 98 zilikuwa mikononi mwa makampuni na taasisi za nchi 10 tu.

Hatusemi kwamba mtafiti asipate ujira wake. Mtu aliyetoa mali na akili akashuka kilindini anayo haki. Swali letu ni kama haki hiyo inameza haki ya wote waliobaki. Tunao mfano wa karibu. Kule Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanailinda mikoko ya hekta 117, ambayo majani yake huinasa kaboni kwa rubisko yule yule tuliyemweleza. Tangu mwaka 2013 kaboni hiyo huuzwa, na fedha zimesaidia maji na shule. Anayelinda hupata sehemu yake. Kwa nini basi kaboni inaswayo kilindini, na elimu itokayo humo, ifuate kanuni nyingine?

Ipo hatua moja njema. Mnamo Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba mpya wa kuhifadhi viumbe vya bahari kuu, na ndani yake mna sehemu nzima kuhusu jeni za baharini: taarifa za sampuli zitangazwe, elimu ishirikishwe, na faida igawanywe kwa usawa. Ridhaa ya nchi ya 60, iliyohitajika ili mkataba uwe sheria, ilipatikana Septemba 2025, na masharti yake yakaanza kutumika Januari 2026. Mkataba ni karatasi. Mwenye kuutia uhai ni nchi yenye wataalamu wa kuzisoma sampuli hizo, si ya kungojea fungu lake tu. Wataalamu hao wamo sasa katika madarasa yetu, wakiwa na miaka 12.

Tulivyorudi darasani

Wazazi wetu, tulirudi darasani juma lililofuata. Tulisimama mbele ya wanafunzi tukasema wazi kwamba tulikosea, kwamba wako viumbe wa kilindini wasiongoja mabaki kutoka juu. Tuliwaeleza habari za mnyoo asiye na kinywa na za bakteria wamlishao kwa nguvu ya salfaidi na oksijeni. Wakafurahi, hasa kwa kumsikia mwalimu wao akikiri.

Yule binti akainua mkono tena. "Maalim, na hiyo oksijeni anayoitumia bakteria, inatoka wapi?"

Safari hii hatukuharakisha kujibu. Tulimwambia kuwa tutafuta kwanza, kisha tutamletea jibu. Na jibu ni kwamba oksijeni hiyo imetoka juu, kwa mimea midogo ya baharini na ya nchi kavu iliyoitengeneza kwa mwangaza wa jua, nayo ikashuka na maji hadi kilindini. Kwa hiyo mnyoo naye, akiwa gizani, analidai jua sehemu ya riziki yake, na nusu yetu ya ukweli haikuwa bure. Lakini wako na wengine, kama kile kijiumbe kiitwacho Methanocaldococcus jannaschii, ambacho huishi kwa gesi za mwamba, haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na oksijeni hakiitaki kabisa. Hao hawalidai jua chakula wala pumzi.

Jibu hilo tutampelekea Jumatatu, inshaallah, na tumejiandaa kwa swali la tatu. Ombi letu kwenu ni dogo. Mtoto akiuliza swali msilolijua jibu lake, msimkaripie wala msimjibu kwa kubahatisha. Mwambieni, "Twende tukatafute," kisha mkatafute naye.

Wassalaam.